Ndeti na Makau: Saa pekee haiamui bingwa

UKITAKA kuzua ubishi mjini Machakos, huna haja ya kutaja siasa wala bei ya unga. Ingia katika duka lolote la kinyozi karibu na Uwanja wa Kenyatta siku ya Jumamosi, keti kwenye benchi kama mtu anayengoja zamu yake, kisha uulize kwa sauti ya upole: Kati ya Cosmas Ndeti na Patrick Makau, ni nani mkali zaidi?

Mwandishi wa makala haya alifanya hivyo, na kwa muda wa nusu saa hakuna kichwa kilichonyolewa.

"Ndeti alishinda Boston mara tatu mfululizo," alisema mzee mmoja aliyekuwa amemleta mjukuu wake, mwanafunzi wa kidato cha tatu, kunyolewa kabla ya shule kufunguliwa. "Mara tatu! Huyo mwingine ameshinda Boston mara ngapi?"

"Lakini Babu," mjukuu alijibu kwa adabu, "Makau alivunja rekodi ya dunia. Alikimbia kwa saa mbili na dakika tatu. Ndeti hakuwahi kuufikia muda huo. Saa haidanganyi."

Mzee alitabasamu. "Ni kweli saa haidanganyi, mjukuu wangu. Lakini pia haisemi yote."

Kwa maneno hayo machache, mzee yule alikuwa ametaja jambo ambalo wataalamu wa takwimu za michezo wamelipigania kwa zaidi ya miaka 50. Je, tunawezaje kumlinganisha mwanamichezo wa jana na wa leo bila kumpunja mmoja wao? Na je, nambari zinaweza kutusaidia, au hutuongezea kelele tu?

Wana wa ardhi moja

Kwanza tuwajue wenyewe. Cosmas Ndeti alizaliwa Machakos mnamo Novemba 1971. Alishinda mbio za marathoni za Boston, Marekani, mwaka wa 1993 kwa muda wa saa 2:09:33. Mwaka uliofuata alirudi na kushinda tena kwa saa 2:07:15, rekodi mpya ya barabara hiyo. Mwaka wa 1995 akaongeza taji la tatu kwa saa 2:09:22. Mapenzi yake kwa mji huo yalikuwa makubwa hivi kwamba mwanawe, aliyezaliwa siku chache kabla ya ushindi wa kwanza, alipewa jina la Boston.

Patrick Makau alizaliwa mwaka wa 1985 katika tarafa ya Tala, papo hapo Machakos. Alishinda Rotterdam na Berlin mwaka wa 2010, kisha mnamo Septemba 25, 2011, akirejea Berlin, alikata utepe kwa saa 2:03:38. Rekodi ya dunia ya Haile Gebrselassie wa Ethiopia, saa 2:03:59, ilikuwa imevunjwa, tena huku Gebrselassie mwenyewe akiwa katika mbio hizo hizo. Mzee huyo wa kazi alishindwa kuihimili kasi ya Makau na baadaye akajiondoa.

Tukitazama saa peke yake, ubishi umekwisha. Makau amemzidi Ndeti kwa dakika 3 na sekunde 37. Kama wangekimbia pamoja, kila mmoja kwa kasi ya siku yake bora, Makau angekata utepe huku Ndeti akisalia na kiasi cha mita 1,200 za kukimbia. Huo si mwanya mdogo.

Lakini Waswahili walinena, mgala muue na haki yake umpe. Kabla hatujafunga daftari, tuvuke bahari kidogo tuone wenzetu walivyotatua kitendawili kama hiki.

Somo la besiboli

Wamarekani wana mchezo wao uitwao besiboli. Msomaji aliyepitia shule zetu za msingi hatashindwa kuuelewa, kwani ni ndugu wa raunda ambayo wasichana hucheza uwanjani. Mmoja hurusha mpira, mwingine huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuzunguka vituo vinne. Mpira ukipigwa ukavuka ua, mpigaji huzunguka vituo vyote kwa raha zake.

Mchezo huo una mapenzi makubwa na nambari. Tangu karne ya 19 mwandishi Henry Chadwick, Mwingereza aliyekulia kwenye kriketi, aliwazoeza wasomaji wa magazeti kuona kila mchezo ukiwekwa katika jedwali dogo la hesabu. Kwa miaka mingi watu waliziamini nambari hizo kama zilivyo. Aliyepiga mingi alikuwa bora, aliyepiga michache alikuwa hafifu.

Kisha wakatokea wadadisi. Mwaka wa 1971, watu 16 walikutana katika mji wa Cooperstown na kuunda chama cha kuchunguza historia ya mchezo huo. Mwaka wa 1977, kijana mmoja aitwaye Bill James, aliyekuwa mlinzi wa usiku katika kiwanda cha kupakia maharagwe katika jimbo la Kansas, alianza kuchapisha mwenyewe kijitabu cha hesabu zake. Ndiye aliyeipa elimu hiyo jina la sabermetriki, kutokana na herufi za kifupi cha chama hicho.

Wenye timu walimpuuza kwa muda mrefu. Lakini mwaka wa 2002, timu ya Oakland iliyokuwa na fedha kidogo ilishinda michezo 20 mfululizo kwa kusajili wachezaji ambao nambari mpya ziliwasifu ilhali macho ya wengi yaliwadharau. Muda si muda Bill James aliajiriwa na timu ya Boston Red Sox, na mwaka wa 2004 timu hiyo ikatwaa ubingwa wake wa kwanza tangu 1918.

Naam, ni Boston ile ile ya Ndeti! Marathoni ya Boston hukimbiwa Jumatatu ya tatu ya Aprili, siku ya mapumziko katika jimbo hilo, na ni desturi Red Sox kucheza nyumbani siku hiyo. Wakimbiaji hupita karibu na uwanja wao wa Fenway Park wakiwa wamebakisha chini ya kilomita mbili. Mashabiki wa besiboli wakitoka uwanjani huwakuta wakimbiaji barabarani, na kwa miaka mingi wamewashangilia watu wa kwetu.

Siri ya wadadisi wale ilikuwa rahisi. Mbele ya kila nambari waliuliza maswali matatu: Ilipatikana wapi? Ilipatikana lini? Ilipatikana dhidi ya nani? Tuyapeleke maswali hayo matatu kwa vijana wetu wa Machakos.

Swali la kwanza: Wapi?

Mji wa Denver nchini Marekani uko kiasi cha mita 1,600 juu ya bahari, karibu sawa na Machakos. Hewa huko ni nyepesi, na mpira wa besiboli ukipigwa husafiri mbali kuliko katika miji ya pwani. Mchezaji wa Denver akipiga mipira mingi ya kuvuka ua, hesabu za kisasa humkata kidogo. Hata hivyo hazimfuti. Larry Walker, aliyecheza huko kwa miaka mingi, alishukiwa kwamba sifa zake ni za hewa tu. Hesabu ziliporekebishwa zilionyesha kwamba hata ukiondoa msaada wa hewa, alikuwa bingwa. Mwaka wa 2020, katika nafasi yake ya mwisho kupigiwa kura, aliingizwa katika ukumbi wa mashujaa wa mchezo huo.

Nayo Boston je? Barabara yake huanzia katika mji mdogo wa Hopkinton na kuteremka kiasi cha mita 140 hadi mjini. Sheria za riadha duniani huruhusu mteremko usiozidi mita moja kwa kila kilomita, yaani takriban mita 42 kwa marathoni nzima. Tena sheria hutaka mwanzo na mwisho wa mbio visiwe mbali mno, ili upepo usimsukume mkimbiaji njia nzima. Barabara ya Boston huelekea upande mmoja. Kwa sababu hizo mbili, muda wowote wa Boston, hata uwe wa ajabu namna gani, hauhesabiwi kuwa rekodi ya dunia.

Mkenya Geoffrey Mutai aliujua uchungu wa sheria hiyo. Mnamo Aprili 2011 alishinda Boston kwa saa 2:03:02, muda ambao binadamu hakuwa ameuona. Upepo ulikuwa mgongoni siku hiyo, na rekodi hakupewa. Miezi mitano baadaye Makau alikimbia Berlin sekunde 36 polepole kuliko Mutai, na rekodi ikawa yake kihalali. Berlin ni tambarare, na huwa na wakimbiaji wa kuwawekea wenzao kasi.

Lakini usikimbilie kusema Boston ni kitonga. Baada ya kilomita 25 hivi miinuko ya Newton huanza, na wa mwisho wake hupatikana karibu na kilomita ya 33, wakati miguu imeshachoka kwa kuteremka. Wenyeji wamekiita kilima hicho Kivunja Moyo. Tena huko hakuna desturi ya wakimbiaji wa kuweka kasi. Mtu hukimbia kwa akili yake.

Na upepo wa 1994? Hapa hesabu ina ushahidi mzuri. Siku Ndeti alipokimbia 2:07:15, Uta Pippig wa Ujerumani naye alivunja rekodi ya wanawake ya barabara hiyo kwa sekunde 58. Andrés Espinosa wa Mexico, aliyekuwa wa pili nyuma ya Ndeti, pia alikimbia chini ya rekodi ya zamani ya wanaume. Watu wengi wakipaa siku moja, ujue kuna kitu hewani. Kwa hivyo muda wa Ndeti wa 1994 lazima ukatwe kidogo.

Swali la pili: Lini?

Kila zama na kitabu chake. Katika besiboli, Babe Ruth alipiga mipira 54 ya kuvuka ua mwaka wa 1920. Mwaka wa 2001 Barry Bonds alipiga 73. Je, Bonds ni bora? Kabla hujajibu, fahamu kwamba mwaka huo wa 1920 Ruth, mtu mmoja, alipiga mingi kuliko timu nzima yoyote nyingine katika ligi yake. Ndiyo sababu wataalamu huweka kila mchezaji kwenye mizani ya wenzake wa wakati ule. Mchezaji wa kawaida wa msimu hupewa alama 100, na aliye bora kwa nusu hupewa 150. Hapo wa 1920 na wa 2001 wanaweza kukaa meza moja.

Tufanye vivyo hivyo. Chukua rekodi ya dunia iliyokuwapo siku ya mbio, igawe kwa muda wa mkimbiaji, kisha zidisha kwa 100. Aliyefikia rekodi hupata 100 kamili, aliyeivunja huzidi.

Mwaka wa 1994 rekodi ya dunia ilikuwa ya Belayneh Dinsamo wa Ethiopia, saa 2:06:50, iliyowekwa Rotterdam mwaka wa 1988. Hizo ni sekunde 7,610. Muda wa Ndeti ni sekunde 7,635. Gawanya, zidisha, unapata 99.67.

Makau naye aliikuta rekodi ikiwa sekunde 7,439. Yeye alitumia 7,418. Alama yake ni 100.28.

Hebu tazama kilichotokea! Ule mwanya wa dakika 3 na sekunde 37 tulioanza nao ulikuwa karibu asilimia 2.8. Sasa umebaki zaidi kidogo ya asilimia 0.6, ambayo kwa mwendo wao ni sekunde 46 hivi. Sehemu kubwa ya tofauti haikuwa ya miguu yao. Ilikuwa ya miaka 17 iliyopita kati yao: mazoezi bora, fedha zaidi, na wakimbiaji wengi wakali wa kusukumana.

Hesabu hii itazidi kuhitajika. Tangu mwaka wa 2017 vimeenea viatu vyenye soli nene na bamba la kaboni ndani, hata wasimamizi wa riadha wakalazimika mwaka wa 2020 kuweka kikomo cha milimita 40 kwa soli ya viatu vya barabarani. Eliud Kipchoge alikimbia 2:01:09 mwaka wa 2022, naye marehemu Kelvin Kiptum 2:00:35 mwaka wa 2023. Hakuna anayewanyima sifa. Lakini kijana akisoma orodha hiyo na kudhani Ndeti alikuwa mtu wa mwendo wa kobe, atakuwa amekosea sana.

Swali la tatu: Dhidi ya nani?

Hapa ndipo nambari zinapogeuza mambo juu chini. Ukimuuliza mtu yeyote ni mbio gani bora za Ndeti, atakujibu ni za 1994, kwa sababu ndipo alipoweka rekodi. Lakini angalia pengo kati yake na mtu wa pili. Mwaka wa 1993 lilikuwa sekunde 10. Mwaka wa 1994, sekunde 4 tu. Mwaka wa 1995, dakika nzima!

Na huyo wa pili wa 1995 alikuwa nani? Alikuwa Moses Tanui, bingwa wa dunia wa mita 10,000 mwaka wa 1991, na mtu wa kwanza duniani kukimbia nusu marathoni chini ya saa moja, mwaka wa 1993. Mwaka mmoja baadaye, Tanui huyo huyo alishinda makala ya 100 ya Boston na Ndeti akawa wa tatu. Kumwacha mtu wa aina hiyo dakika nzima si mchezo. Saa inasema 1994. Pengo na sifa za mpinzani zinasema 1995. Mwandishi huyu, baada ya kupiga hesabu, yuko upande wa 1995.

Kwa kipimo hicho Makau pia anang'ara. Siku ya rekodi yake alimwacha wa pili, Stephen Chemlany, kwa dakika 4 na sekunde 17. Hata hivyo, ni haki kukumbuka kwamba aliyetarajiwa kumsumbua hasa, Gebrselassie, alikuwa ameshajiondoa. Pengo kubwa huweza kumsifu mshindi, na huweza pia kuonyesha kwamba waliobaki nyuma walikuwa wachache.

Kuna kipimo kingine cha mwisho: rekodi ilidumu kwa muda gani? Ile ya Makau ilidumu miaka miwili na siku nne, hadi Wilson Kipsang alipokimbia 2:03:23 katika barabara ile ile ya Berlin mwaka wa 2013. Ile ya Ndeti, ya barabara ya Boston, ilidumu miaka 12. Na ilipovunjwa mwaka wa 2006 na Robert Cheruiyot, ilivunjwa kwa sekunde moja tu, 2:07:14! Ni kweli rekodi ya dunia huwindwa na wengi zaidi, lakini miaka 12 ni miaka 12.

Nambari zinapomrudishia mtu haki yake

Huenda msomaji akauliza, yote haya ni ya nini? Si ni ubishi wa kinyozi tu?

La hasha. Hesabu za michezo ni aina ya mahakama. Huko Marekani, kabla ya 1947, watu weusi walizuiwa kucheza katika ligi kuu za besiboli. Walicheza katika ligi zao wenyewe, na nambari zao zikaachwa nje ya vitabu. Mmoja wao, Josh Gibson, alifariki Januari 1947, miezi mitatu tu kabla Jackie Robinson hajaufungua mlango huo. Kwa miaka mingi watafiti walipekua magazeti ya kale, mchezo kwa mchezo, wakikusanya hesabu za wachezaji hao. Mwaka wa 2020 wakuu wa mchezo huo walikubali kuzitambua ligi hizo, na mwaka wa 2024 nambari zake ziliingizwa rasmi. Jina la Gibson likapanda hadi kileleni mwa orodha ya wastani wa upigaji wa wakati wote, likimpita Ty Cobb aliyekaa hapo kwa vizazi. Alikuwa amelala kaburini miaka 77.

Sasa tutazame nyumbani. Vijana wangapi wa Ukambani wanamjua Benson Masya? Alizaliwa Kitui, alianza kama bondia, na mwaka wa 1992 akawa bingwa wa kwanza kabisa wa dunia wa nusu marathoni, kule Newcastle, Uingereza. Alishinda mbio za Great North Run mara nne, na marathoni ya Honolulu mara tatu. Alifariki mwaka wa 2003 akiwa na umri wa miaka 33.

Au Jimmy Muindi, aliyeshinda Honolulu mara sita kati ya 1999 na 2007? Muda wake bora huko ni 2:11:12, wa mwaka wa 2004. Ukiuweka katika orodha ya kawaida, hakuna atakayeugusa macho. Lakini Honolulu ni mji wa joto na unyevu, hata mbio huanza alfajiri saa kumi na moja ili kuliwahi jua. Muda huo "hafifu" ulidumu kama rekodi ya huko kwa miaka 12. Uliza "wapi?" na Muindi anasimama wima tena.

Kijana na daftari lake

Tulipokuwa tukibishana, yule mwanafunzi alikuwa amenyamaza kwa muda. Kisha akasema jambo lililobadilisha mazungumzo.

"Mimi pia nakimbia," alisema. "Mita 5,000. Lakini niliambiwa shuleni niache, kwa sababu muda wangu ukilinganishwa na wa vijana wa Ulaya ni wa chini."

"Ulikimbilia wapi?" niliuliza.

"Uwanja wa shule. Wa nyasi. Bila viatu."

Babu yake alinitazama, nami nikamtazama. Maswali yetu matatu yalikuwa yamepata kazi.

Mwaka wa 1968, kule Mexico City, Naftali Temu alishinda mita 10,000 na kuiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Muda wake ulikuwa dakika 29:27.4. Rekodi ya dunia wakati huo, ya Ron Clarke wa Australia, ilikuwa 27:39.4. Kwa saa peke yake, Temu alikuwa "amechelewa" karibu dakika mbili! Lakini Mexico City iko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, oksijeni ni chache, na Clarke mwenyewe siku hiyo alimaliza wa sita na kuanguka hoi. Mtu angemhukumu Temu kwa saa, angemwambia arudi nyumbani akalime.

Machakos si Mexico City, lakini mita 1,600 nazo si pwani. Muda uliopatikana hapa, juu ya nyasi, bila viatu na bila mtu wa kumsukuma, hauwezi kuwekwa kando ya muda wa uwanja laini wa Ulaya kana kwamba ni kitu kimoja. Haimaanishi kwamba kijana yule ni Makau wa kesho. Inamaanisha kwamba aliyemkatisha tamaa alisoma nambari moja na kuacha tatu.

Lakini nambari hizo hizo zina onyo pia, na ni haki wazazi walisikie. Ndeti alitawala Boston kwa miaka mitatu. Makau alishika rekodi ya dunia kwa miaka miwili, na mwaka wa 2012, akiwa bado na rekodi hiyo mkononi, hakuingia katika kikosi cha Kenya cha marathoni ya Olimpiki ya London. Baadaye goti lilimsumbua, ingawa alirejea na kushinda Fukuoka, Japani, mwaka wa 2014 na 2015. Hao ndio bora kati ya bora! Kilele cha mwanariadha ni kifupi. Anayeacha masomo kwa tumaini la miguu peke yake anacheza kamari ambayo hesabu haiiungi mkono.

Kwa hivyo nilimpa kijana ushauri ambao wazazi na walimu wanaweza kuutumia bila gharama. Nunua daftari. Kila unapokimbia, andika tarehe, mahali, aina ya uwanja, hali ya hewa, muda wako, na muda wa aliyekuwa mbele na nyuma yako. Usijilinganishe na Berlin. Jilinganishe na wewe wa mwezi uliopita katika uwanja ule ule, na wenzako wa mbio zile zile. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakueleza ukweli kuliko mdomo wa mtu yeyote. Na kama shule zetu zingeweka daftari la namna hiyo kwa kila siku ya michezo, huenda wajukuu wetu wasingelazimika kuwatafuta mabingwa wao katika vumbi.

Kinyozi alikuwa amewasha mashine tena. Kijana alikaa kitini, shuka jeupe shingoni, akaniuliza kupitia kioo: "Sasa ni nani mkali, Ndeti au Makau?"

Nilimjibu hivi. Kwa kasi, hata baada ya kurekebisha kila kitu, ni Makau. Siku yake moja ya Berlin ni bora kuliko siku yoyote ya Ndeti. Kwa kushinda wapinzani wakali katika barabara ngumu, mwaka baada ya mwaka, bila mtu wa kumwekea kasi, ni Ndeti.

"Kwa hivyo mimi na Babu sote tumeshinda?"

"Hapana," alisema mzee, akisimama kutafuta pesa ya kinyozi mfukoni. "Iliyoshinda ni Machakos. Nyoa haraka twende. Duka la vitabu linafungwa saa kumi, nawe umeambiwa ununue daftari."